Jamani, hii simu inatumalizia soda!

NOVEMBA 27, 2006, mjini Bonn, Ujerumani, palitokea kasheshe ambayo wapenzi wa chesi wakiikumbuka mpaka leo wanashika mdomo. Bingwa wa dunia, Vladimir Kramnik wa Urusi, alikuwa amekaa mbele ya watu akipambana na programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Dau lenyewe halikuwa la kahawa na kashata. Dola laki tano kwa kucheza tu, na laki tano nyingine juu yake endapo angeibuka mshindi.

Basi bwana, mchezo wa pili huo, na mambo yake si mabaya hata kidogo. Kwenye hatua ya 34 mtu mzima akasogeza malkia wake, akainuka kitini taratibu kama anayekwenda kunywa maji. Kompyuta ikajibu: malkia h7. Chekimeti!

Tena si chekimeti ya hatua kumi, msomaji wangu. Ya hatua moja! Farasi mweupe yuko f8 anailinda ile h7, malkia mweupe njia yake iko wazi, na mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Mtoto aliyejifunza chesi mwezi uliopita angeiona. Mpambano mzima ukaisha kompyuta pointi nne, bingwa wa dunia pointi mbili.

Mimi simcheki Kramnik. Binadamu anachoka, na jicho lina tabia ya kuangalia pale linapotarajia hatari, likapaacha pale hatari ilipokaa. Kompyuta haina ugonjwa huo. Chekimeti ikiwa karibu itaiona tu, asubuhi, usiku, imeshiba, ina njaa. Na hapo ndipo ilipoanzia zogo ya kijiwe chetu, ambayo nitaisimulia sasa hivi. Kwanza tuelewane maneno.

Chesi ndiyo ile ile sataranji ya wazee wetu wa pwani. Yule mfalme wa kwenye ubao wazee walimwita shaha, neno lile lile tunalompa kiongozi wa malenga. Na hii chekimeti tunayoitamka Kizungu-Kizungu imetoka mbali, kwa Waajemi na Waarabu: shaha kakwama, shaha kaisha. Kwa hiyo asije mtu kukwambia huu ni mchezo wa wageni. Maneno yake tulikuwa nayo kabla hata ya sukari ya pakiti.

Sasa, kuna wanaocheza chesi na kuna wanaofumbua chemsha bongo za chesi. Hawa wa pili ni kabila lao peke yao. Unachorewa ubao na kete chache, chini yake umeandikiwa: Weupe waanze, chekimeti hatua ya pili. Maana yake unasogeza wewe, adui anajibu lolote analotaka, halafu wewe unammaliza. Lolote analotaka! Hapo ndipo penye utamu na penye maumivu ya kichwa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakichapisha mambo haya tangu karne ya 19, jirani na mafumbo ya maneno.

Ngoja nikupe moja, maana kuongea chesi bila ubao ni sawa na kuongea pilau bila sahani. Kama huna ubao, chora kwenye karatasi. Mistari inayosimama iite a mpaka h kutoka kushoto, ile inayolala ihesabu 1 mpaka 8 kutoka chini kwa Weupe kwenda juu.

Weupe wana kete tatu tu: mfalme c8, ngome a1, askari b6. Weusi wana nne: mfalme a8 kule kwenye kona, askofu b8, na askari wawili, mmoja a7 na mwenziwe b7. Weupe waanze, chekimeti hatua ya pili. Fumbo hili linahesabiwa kuwa la Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans, na lilitoka gazetini mwaka 1856 akiwa bado kijana mdogo. Usisome mbele. Weka gazeti chini, umiza kichwa kidogo, kisha urudi.

Umerudi? Haya, tuendelee. Jibu nitalitoa, lakini kwanza nikuonyeshe kompyuta inavyolitafuta.

Mwaka 1951 kule Manchester, Uingereza, palikuwa na mashine moja iitwayo Ferranti Mark 1, kompyuta ya kujaza chumba. Mjerumani mmoja mzaliwa wa Berlin, Dietrich Prinz, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni iliyoitengeneza, akaiandikia programu ya kufumbua chekimeti za hatua mbili. Hiyo ni katika programu za kwanza kabisa za chesi zilizopata kuendeshwa na kompyuta halisi. Mchezo mzima usingeweza kuingia humo, mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Ikabidi Prinz apunguze sheria: hakuna kumficha mfalme nyuma ya ngome, hakuna askari kuruka hatua mbili, hakuna askari kugeuka malkia.

Pamoja na kupunguziwa mzigo wote huo, mashine ikatumia kama dakika 15 kupata jibu moja. Dakika 15! Muda huo muuza kahawa wetu anamaliza birika na kuwasha jiko upya. Lakini ilipata, na namna ilivyopata ndiyo namna inayotumika mpaka leo: jaribu kila kitu.

Chukua fumbo letu. Weupe wana hatua ngapi halali za kuanzia? Hesabu nami. Ngome inaweza kwenda kulia mara saba, kupanda mara tano, na kumla askari wa a7, jumla 13. Askari wa b6 ana moja, kumla yule wa a7. Mfalme ana mbili, d7 na d8, maana kwingine kote anatishiwa. Jumla 16. Kompyuta inachukua ya kwanza, inauliza: Weusi wanaweza kujibu nini? Kwa kila jibu inauliza: sasa Weupe wana hatua ya kummaliza? Ikikuta jibu moja tu la Weusi lisilo na dawa, hatua ile ya kwanza inatupwa jalalani, inashika ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya 16. Haina kuchoka, haina kununa.

Kwa kete saba kazi hiyo ni ndogo. Lakini jaza ubao. Tuseme kila upande una hatua 30 za kuchagua. Chekimeti ya hatua mbili ni mara tatu za kusogeza: 30 mara 30 mara 30, yaani 27,000. Ya hatua tatu inafika 24,300,000. Ya hatua nne? Bilioni 21 na ushei! Ndiyo maana mashine ya Prinz iliishia kwenye mbili, na ndiyo maana watu wa programu walikesha miaka mingi wakitafuta njia za mkato, ili mashine isipoteze muda kwenye hatua zinazoonekana za kipuuzi.

Leo njia hizo zimepatikana, na mashine zenyewe zimekuwa na mbio za ajabu. Programu kama Stockfish inapatikana bure na inaingia kwenye simu ya mkononi. Fumbo la hatua mbili unaliweka, na kabla kidole hujakiondoa jibu limetoka. Hapo sasa ndipo tunapoingia kijiweni.

Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, nyuma ya soko. Siku za kawaida ni drafti na siasa. Lakini Jumamosi mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, ambaye wote tunamwita Mwalimu tu, anakuja na ubao wake wa chesi wenye ufa katikati, anapanga chemsha bongo, na wanaotaka wanaweka dau la soda. Atakayefumbua wa kwanza, wengine wananunua. Dau dogo, lakini heshima yake kubwa. Mtu akishinda Jumamosi, mpaka Alhamisi anatembea kifua mbele.

Akaja kijana mmoja, fundi simu. Jumamosi ya kwanza akaangalia ubao, akasema anakwenda kujisaidia, akarudi, akataja jibu. Tukampigia makofi. Jumamosi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, tena! Soda zetu zinateremka kooni kwake, na kibofu chake kila wiki kinamsumbua dakika ile ile. Nikamnong'oneza jirani yangu: huyu ama ana kisukari ama ana simu.

Usicheke, msomaji. Haya mambo ya chooni yamewaumbua wakubwa zaidi ya fundi wetu. Mwaka 2015 kwenye mashindano ya Dubai, bingwa wa nchi ya Georgia alikutwa simu yake imefichwa chooni, ndani yake mchezo wake mwenyewe ukichambuliwa na programu. Mwaka 2019 mjini Strasbourg, Ufaransa, bingwa mwingine, mtu mzima wa miaka 58, simu yake nayo ikakutwa chooni wakati wa mashindano. Wote wawili walifungiwa na kunyang'anywa hadhi. Ndiyo maana siku hizi kwenye mashindano makubwa wachezaji wanapekuliwa kama wanaopanda ndege.

Mwalimu hakumfukuza kijana wala hakumkagua mifuko. Jumamosi ya nne akapanga lile lile fumbo la Morphy nililokupa. Kijana akatoka, akarudi, akakohoa kidogo.

"Ngome a6, Mwalimu."

"Vizuri sana, mwanangu. Mbona usiiweke a5?"

Kimya.

"Si ni ngome ile ile, mstari ule ule? A5 ina ubaya gani?"

"Mwalimu, shikamoo yako naiheshimu, lakini si nimeshakupa jibu?"

"Umenipa. Nakuuliza ni jibu la nani."

Hapo kijiwe kizima kililipuka kwa kicheko mpaka muuza kahawa akaja kuona kuna nini. Kijana wa watu akabaki anatazama viatu vyake. Soda ya siku hiyo haikunyweka.

Maana ukweli, mpenzi msomaji, jibu la ngome a6 lenyewe linashangaza. Unaipeleka ngome yako mdomoni kwa askari wa b7, bila ulinzi wowote! Nani atafanya hivyo? Lakini tazama. Akiila, askari wako wa b6 anasogea b7 na mfalme mweusi amekwisha, maana kila tundu la kutorokea limezibwa na watu wake mwenyewe au na mfalme wako. Asipoila, kilichobaki kwake ni kumsogeza askofu tu. Na askofu akitoka b8, popote aendapo, anaacha kuilinda a7. Ngome yako inamla askari wa a7, askari wako wa b6 anailinda, chekimeti.

Na a5 ina ubaya gani? Ukiiweka a5, au a4, au chini zaidi, yule askari mweusi wa a7 anapiga hatua moja tu kwenda a6, na mpango wako umekufa. A6 ndiyo nafasi pekee inayomkaba asipumue. Kuna wanaovutiwa na kumla a7 kwa askari, wakitishia kumla na askofu ili wageuke malkia pale b8. Inapendeza macho, lakini askofu anamla askari wako pale pale a7 na hatua zako mbili zimekwisha.

Hayo maelezo yote simu haikumpa kijana. Ilimpa herufi moja na tarakimu moja. Siilaumu simu, iliulizwa jibu ikatoa jibu. Anayekwenda dukani kuomba chumvi hapewi pilau.

Sasa usije ukadhani safu hii imeanzisha vita na kompyuta. Ngoja nikueleze kilichofuata, maana mimi mwenyewe sikukitarajia.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alimwita yule kijana pembeni. Mimi nilikuwa karibu, na masikio yangu mnayajua. Mwalimu akatoa kwenye mfuko wa rambo kauntabuku kuukuu, jalada limeshonwa kwa uzi. Ndani yake kuna mafumbo aliyoyatunga mwenyewe tangu miaka ya sabini, alipokuwa akifundisha shule ya bwenizi huko Kigoma, akiyafanyia kazi usiku kwa taa ya chemli. Hajawahi kuyapeleka popote. Akamwambia kijana: "Niangalizie kama ni mazima."

Msomaji ambaye hujawahi kutunga fumbo la chekimeti hutajua uzito wa ombi lile. Sheria ya watungaji ni kali: fumbo lazima liwe na hatua moja tu ya kuanzia inayofanya kazi. Ikipatikana ya pili ambayo mtungaji hakuiona, fumbo limeharibika, hata liwe tamu vipi. Zamani mtungaji alikuwa anakagua mwenyewe kwa vidole na macho, anampa na rafiki akague, halafu wanachapisha. Miaka inapita, msomaji mmoja huko anaandika barua: ndugu mhariri, mbona na farasi naye anaweza? Aibu!

Kompyuta zilipoanza kufumbua, mafumbo mengi ya zamani yalipitishwa humo, na mengi yakakutwa na nyufa, yakiwemo ya watungaji wenye majina makubwa. Kwa kazi hii kuna programu maalumu. Mojawapo inaitwa Popeye, jina kama la yule baharia wa katuni anayekula mchicha. Hii haichezi na wewe. Kazi yake ni kukagua mafumbo tu: inajaribu kila hatua, kisha inakuorodheshea majibu yote yaliyopo, liwe moja, yawe matatu, lisiwepo kabisa. Programu za kuchezea zina hulka tofauti kidogo. Zinatafuta ushindi, zikishauona zinaridhika, na kwa kuwa zinaruka yanayoonekana ya kipuuzi, mara nyingine huruka na dhahabu.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1987 mjini Brussels, Ubelgiji. Mwingereza James Plaskett aliwaonyesha mabingwa wenzake fumbo moja lililotungwa na Mholanzi, Gijs van Breukelom. Weupe waanze na washinde. Chumba kizima kikakwama, vichwa vinavyolipwa kwa kufikiri chesi! Mikhail Tal, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1960, akatoka nje kutembea bustanini. Aliporudi alikuwa na jibu. Katikati ya jibu lile kuna askari anayefika mwisho wa ubao, badala ya kuchukua malkia anachukua farasi. Nani anakataa malkia? Programu nyingi za miaka iliyofuata zilihangaika na fumbo hilo. Za leo zenye nguvu zinalipata zikipewa muda. Tal alipewa bustani.

Turudi kwa Mwalimu. Kijana alikaa na kauntabuku ile siku tatu. Alirudi Jumanne, siku ambayo si ya chesi, na hakutaka kusema mbele ya watu. Mafumbo mengi yalikuwa mazima, akasema, tena ya hatua tatu, jambo ambalo kwa mtu asiye na mashine ni la kupongezwa. Lakini machache yalikuwa na jibu la pili. Na mojawapo ni lile la ukurasa wa kwanza, ambalo Mwalimu amelipigia mstari mara mbili.

Nilimtazama mzee usoni. Alinyamaza kitambo. Zaidi ya miaka arobaini amekuwa akiliona lile fumbo kuwa zima, na kitu cha mfukoni kimelipasua kwa kufumba na kufumbua. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Hatua gani?" Kijana akamwonyesha. Mwalimu akapanga kete, akaijaribu, akaijaribu tena. "Kweli," akasema. "Huyu malkia alikuwa anaweza kupita huku."

Ningekuwa mimi, kauntabuku ile ingeishia kufungia maandazi. Mwalimu akaichukua akaenda nayo nyumbani. Jumamosi mbili hakuonekana, watu wakaanza kusema anaumwa. Alipokuja, alikuwa ameongeza askari mmoja mweusi pembeni kabisa ya ubao, mahali ambapo usingemdhania kazi yoyote, na yule malkia hana tena njia ile. Kijana akaweka kwenye programu. Jibu likatoka moja. La Mwalimu.

Sasa nyinyi niambieni, mashine ile ilimwibia Mwalimu au ilimpa? Mimi nadhani tangu Kigoma mzee yule alikuwa anatafuta mkaguzi asiyemwonea haya. Sisi kijiweni tungemsifu tu, tukanywa soda zake.

Lakini kuna sehemu moja ya chemsha bongo ambayo mkaguzi huyu haigusi kabisa, nayo ni utani. Mmarekani Sam Loyd, mfalme wa mafumbo, alikuwa na rafiki yake, Dennis Julien, aliyejigamba kwamba katika fumbo lolote anaweza kuitaja kete itakayotoa chekimeti. Loyd akampangia ubao, akamwambia safari hii nichagulie ile ambayo haitatoa chekimeti kabisa, tuwekeane chakula cha jioni. Rafiki akatazama, akamchagua askari wa b2, kanyonge kamoja kako nyumbani kwake, hata hakajasogea. Unajua tena. Kwa hatua tano, askari yule yule anapanda ubao mzima, anafika a8, anageuka malkia, chekimeti! Fumbo hilo, Excelsior, lilitoka kwenye gazeti la Uingereza mwaka 1861. Weka kwenye simu, inalifumbua bila kutabasamu. Haijui kwamba kuna mtu amelipishwa chakula.

Kwa hiyo kijiwe chetu sasa kimeweka utaratibu, nao nakupa bure. Fumbo likipangwa, simu zote zinaingia kwenye kikapu cha muuza kahawa mpaka kikombe cha pili. Baada ya hapo anayedhani amepata anataja hatua, na simu inatolewa kikapuni ikae upande wa Weusi. Yaani wewe unacheza Weupe na jibu lako, programu inajitetea kwa Weusi. Nakwambia hakuna mtetezi mbishi kama huyo! Atatafuta katundu kadogo ulikosahau, na akikapata utajua palipovuja, na utajua kwa nini. Ukishinda mbele yake, soda ni halali yako na hakuna wa kukuuliza ni jibu la nani.

Yule fundi simu, kwa taarifa yenu, bado anakuja. Amepungua kwenda kujisaidia. Jumamosi iliyopita alifumbua fumbo la hatua mbili kichwa kitupu, ilimchukua dakika 40, na akalieleza mpaka Mwalimu akamkatiza. Soda alikataa, akaomba kahawa.

Nafasi yangu inakwisha, mhariri ananikodolea macho. Nakuachia kazi ya nyumbani. Rudi kwenye fumbo la Morphy, acha kila kitu kilivyo, halafu ongeza askari mmoja mweusi kule mbali kabisa, h7. Hamgusi mtu, hamzuii mtu, yuko peke yake kama mlinzi wa usiku. Ukiiuliza programu yoyote itakuambia chekimeti ya hatua mbili haipo tena. Hilo nimeshakutajia, usihangaike kuipigia simu. Ninachotaka kutoka kwako ni sababu: yule askari wa h7 amefanya nini? Niandikie kupitia gazeti hili, kwa mkono wako, mistari mitatu inatosha. Mwalimu ndiye atakayesahihisha.